Senti tatu: ninavyopima silinda ya pikipiki kabla ya kuweka pistoni

Msimu wa korosho ukifunguka, banda langu linajaa pikipiki za moshi. Mwaka mzima dereva anaongeza oili kidogo kidogo na kuvumilia, ila wakulima wakishalipwa hela za mnada na abiria wa Nanyamba na Tandahimba wakawa wengi, ndipo anakumbuka kuwa chombo chake kinaumwa. Anakuja asubuhi. Kabla hajashusha stendi ameshanitolea boksi kwenye mfuko.

"Fundi, pistoni hii hapa, ya ishirini na tano. Nifungie chapchap, mchana nina mzigo."

Namuuliza nani kampimia. Anasema jirani yake wa kijiweni ana Boxer kama hii, aliweka ya ishirini na tano, na inakwenda.

Basi maelezo haya ni ya dereva huyo, na ya kijana yeyote mwenye spana zake anayetaka kujua kipimo kinapatikanaje. Mimi niko Mikindani, Mtwara, kwenye banda la bati upande wa mashamba ya chumvi. Natengeneza Boxer, TVS, za Kichina, na mashine za boti za wavuvi zikigoma. Nilifundishwa na mjomba wangu, kaka wa mama, mtu ambaye hakuwahi kupima kitu mara moja akaamini.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaikimbia. Chukua milimita moja uigawe mara mia. Kila kipande mimi nakiita senti, kwa kuwa shilingi ina senti mia na hesabu ya hela haimpigi mtu chenga. Kwa hiyo 56.13 ni milimita 56 na senti 13. Pistoni ya ishirini na tano ni iliyozidi kipimo cha kiwandani kwa senti 25, ya hamsini kwa senti 50, na isiyozidi tunaiita standadi. Unywele mmoja wa kichwa chako ni senti 5 hadi 10 hivi. Sasa pistoni mpya ndani ya silinda nzuri ya pikipiki ndogo inayopozwa na upepo huachiwa nafasi ya senti 2 hadi 5 tu, kutegemea kitabu cha mashine yenyewe. Ikifika senti 10, silinda hiyo imeshaisha hata kama inang'aa. Nusu ya unywele ndiyo inayotenganisha mashine inayolia vizuri na mashine inayokamata njiani, na hakuna jicho la binadamu linaloona nusu ya unywele ndani ya shimo lenye giza.

Boxer ya 150 silinda yake ni milimita 56. Boxer ya 100 ni 53. Zile za Kichina za 125 zilizoiga mashine ya Honda CG ni 56.5. Hebu tazama: pistoni ya Boxer 150 ya hamsini ni karibu sawa kwa unene na pistoni ya kawaida ya Mchina. Nimeshakutana na mtu aliyetaka kubadilishana kwa sababu hiyo. Unene ni huohuo, ila urefu wa pistoni na mahali tundu la pini, kile chuma kinachoishikilia pistoni kwenye mkono wake, lilipo ni habari nyingine kabisa. Usijaribu.

Vyombo vyangu si vingi. Nina maikromita, chombo cha kupimia unene mpaka senti, ya milimita 50 hadi 75, ile inayokuja na kijiti cha chuma cha milimita 50 kwenye boksi lake. Kijiti hicho wengi wanakipoteza wiki ya kwanza, wakati bila hicho huna namna ya kujua maikromita yako inasema kweli. Ile ndogo ya 0 hadi 25 unaifunga mpaka mwisho uone kama inasoma sifuri. Hii kubwa haifungi, kwa hiyo unaipimia kijiti, na kama haisemi 50.00 unairekebisha kwanza. Nina pia fimbo ya kutanuka, yenye umbo la herufi T, inayojisukuma yenyewe mpaka kwenye kuta za silinda. Nina fila, vibati vyembamba vya kupimia upenyo, kuanzia unene wa senti 5 kwenda juu. Na venia ninayo, ile rula ya chuma yenye taya zinazoteleza, ila kazi yake nitaisema.

Venia ndiyo inayowadanganya vijana. Wanaingiza yale meno yake ya juu ndani ya silinda, wanasoma 56.10, wanafurahi. Meno ya venia yana upana, na upana ule ni bapa. Ndani ya shimo la duara hauwezi kugusa pale panapopaswa, kwa hiyo unasoma pungufu. Isitoshe nyingi husoma kwa kuruka senti 2 au senti 5. Venia inakutosha kujua kama silinda imewahi kuchongwa, yaani kutanuliwa kwa mashine ipokee pistoni kubwa zaidi, kwamba hii ni standadi, hii ni ya hamsini. Kukuambia nafasi ya pistoni haiwezi.

Silinda ikishatoka, ioshe. Kwangu ni petroli kwanza, halafu maji ya moto na sabuni, halafu kitambaa, halafu oili nyembamba hapohapo. Hewa ya hapa ina chumvi. Silinda iliyooshwa ikaachwa kavu jioni, asubuhi ina kutu ya rangi ya chai. Masizi yaliyoganda juu kabisa, pale ringi, zile pete zinazovaliwa na pistoni, zisipofika, yakwangue kwa kijiti cha mbao au shaba, usitie bisibisi. Tabaka lile likibaki linakupunguzia kipimo, na ukilikwangua kwa chuma unaacha alama ya kulia nayo.

Kisha subiri. Silinda, pistoni na maikromita vilale chini ya kivuli kimoja usiku mzima, vipimwe asubuhi kabla jua halijapanda kwenye bati. Unaona kama masihara, lakini piga hesabu: pistoni ni ya alumini, na ya milimita 56 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi inavimba karibu senti 2 na nusu. Silinda ya chuma cha kusubu kwa joto hilohilo inavimba senti 1 na kidogo. Kijana wangu aliwahi kuacha pistoni juu ya siti ya pikipiki juani, akaja nayo mkononi ikiwa ya moto, akaipima, akaniambia boksi limekosewa. Tuliiweka kwenye kivuli, tukanywa chai na mihogo, tukaipima tena. Boksi halikuwa na kosa.

Sasa pa kupimia. Silinda haichakai sawasawa. Inachakaa zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapofika pistoni ikiwa imepanda mpaka mwisho, kwa sababu pale kuna moto, msukumo ni mkubwa na oili ni haba. Vumbi la njia za tambarare ya juu, Newala na Tandahimba huko, likipita kwenye kichujio cha hewa kilichochanika, hapo ndipo linapofanya kazi ya msasa. Chini kabisa, ringi isipopita, silinda inabaki kama ilivyotoka kwa mchongaji wa mwisho. Tena haichakai kwa duara: pistoni inaegemea mbele na nyuma zaidi kuliko upande wa pini, kwa hiyo shimo linakuwa yai.

Kwa hiyo unapima mahali patatu: juu, kama milimita 10 kutoka ukingoni; katikati; na chini. Kila mahali unapima mara mbili, mara moja kufuata mstari wa pini na mara moja kuukatisha. Vipimo sita. Piga alama ya chaki kwenye silinda upande wa pini usijichanganye.

Fimbo ya kutanuka ina namna yake. Iingize ikiwa imelala kidogo, iachie ijitanue, kaza skrubu ya mkiani nusunusu, isilegee wala isibane. Halafu ivushe kwenda upande wa pili, mara moja tu, polepole. Inapopita pale inaposimama sawa na silinda, kuta zinaisukuma zenyewe na inabaki na kipenyo kamili. Kaza, itoe bila kugusa ncha zake, ipime kwa maikromita. Kwenye maikromita nako usikaze kwa nguvu za mkono. Zungusha kile kitasa kidogo cha nyuma mpaka kilie mara tatu, ka-ka-ka, basi. Kijana wangu alikuwa anapima mahali palepale anapata 56.13, akirudia 56.09, akirudia 56.16. Nikamwambia rudia mpaka upate namba moja mara tatu mfululizo ndipo uandike. Ilimchukua asubuhi nzima na silinda moja. Siku hizi ananishinda.

Hivi ndivyo kilivyosoma kipande cha boksi la pistoni tulichoandikia vipimo vya Boxer 150 moja:

Juu: kufuata pini 56.06, kukatisha 56.13.
Kati: kufuata pini 56.04, kukatisha 56.08.
Chini: kufuata pini 56.01, kukatisha 56.02.

Isome pamoja nami. Chini inasema 56.01 na 56.02, maana yake silinda hii haijawahi kuchongwa, ni ya kiwandani. Juu, pande mbili zinatofautiana senti 7, yaani duara limeshakuwa yai. Kutoka chini mpaka juu, upande wa kukatisha pini, imetanuka senti 11. Pistoni ya zamani tuliipima ikawa 55.93; ukitoa kwenye 56.13 unapata nafasi ya senti 20. Kitu cha senti 2 hadi 5 kimefika senti 20, halafu mtu anashangaa kwa nini plagi inalowa oili. Ringi mpya peke yake humu ingekuwa hela ya kutupa: ringi ni duara, na yai halizibwi kwa duara.

Kama huna fimbo wala maikromita, na wengi hawana, kuna njia ya fila ambayo mjomba alinipa nikiwa bado nabeba maji. Chukua ringi mpya ya standadi, iingize ndani ya silinda peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kuinama. Isukume mpaka chini kabisa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila. Halafu ilete juu, milimita 10 kutoka ukingoni, ukiisawazisha tena kwa pistoni, upime tena. Kwenye Boxer hiyo hiyo, chini mwanya ulikuwa senti 20, juu senti 45. Tofauti 25. Gawanya kwa 3.14, maana ringi inapima mzunguko wote na wewe unataka kipenyo. Unapata senti 8. Rudi kwenye vipimo vyetu sita: wastani wa juu ni 56.095, wastani wa chini ni 56.015, tofauti yake senti 8. Fila moja imesema sawasawa na vyombo vya bei. Upungufu wake ni mmoja, inakupa wastani na haikuonyeshi yai. Ila kumwambia dereva kwamba silinda yake ni ya kuchonga, inatosha.

Mjomba alikuwa na kipimo cha tatu, cha risasi. Anakwenda kwa wavuvi anaomba risasi moja ya wavu iliyoharibika, anaigonga mpaka inakuwa uzi mnene. Ukitaka kujua nafasi iliyobaki kati ya kichwa cha pistoni na hedi, kifuniko cha juu cha silinda, baada ya kubadilisha gasketi au kusugua uso wa silinda, unabandika vipande viwili vya uzi huo kwa grisi juu ya pistoni, kimoja kila upande kwenye mstari wa pini ili pistoni isiyumbe, unafunga hedi na kukaza, unazungusha mashine kwa mkono mzunguko mmoja, unafungua, unapima unene wa vipande vilivyobanwa. Pande zote mbili zikiwa sawa, vizuri. Zikitofautiana, hedi imepinda au mkono wa pistoni umepinda. Risasi inafaa kwa sababu ukiibana inachukua umbo la pale ilipobanwa na hairudi. Kwetu neno ni hilohilo kwa madini na kwa kinachotoka kwenye mtutu. Wenye bunduki za mtutu wenye mifuo husukuma kipande cha risasi laini kupita kwenye mtutu mtupu, kikitoka wanakipima kwa maikromita wajue mtutu una kipenyo gani. Wazee wa magobore wao walitia goroli ndogo kuliko mtutu na kuizungushia kitambaa kuziba nafasi.

Kijana wangu aliposikia hayo akauliza, "Fundi, mbona na sisi tusisukume risasi ndani ya silinda?" Swali zuri. Kitu laini kikipitishwa shimo zima kinatoka na kipimo cha pale pembamba kuliko pote. Silinda iliyochakaa nyembamba yake iko chini, ambako hakuna ugonjwa. Ungepata 56.01 ukasema mashine ni nzima. Kitambaa cha gobore, huku kwetu ndiyo ringi. Na ukishika risasi nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Ni sumu inayoingia taratibu.

Turudi kwa dereva na boksi lake. Kipimo kikubwa kuliko vyote kwenye silinda yetu ni 56.13. Pistoni ya ishirini na tano inataka silinda ya karibu 56.25, kwa hiyo bado kuna senti 12 za kukwangua, na hapo mchongaji ana nyama ya kutosha kusafisha uchakavu wote na kumalizia kwa jiwe la kusugulia. Ishirini na tano inafaa. Jirani yake alibahatisha. Kama juu ingesoma 56.22, ningekwenda hamsini moja kwa moja, kwa sababu senti 3 hazitoshi: uchakavu mara nyingi umeegemea upande mmoja, na mchongaji akiweka silinda katikati ya mashine yake atabakisha upande mmoja haujaguswa.

Na sasa pistoni yenyewe. Hii ndiyo sehemu inayorukwa kuliko zote. Pistoni si duara. Ni yai pia, tena kwa makusudi: nyembamba upande wa pini na nyembamba kichwani, kwa sababu kichwani kuna moto na upande wa pini kuna alumini nyingi, vikipata joto vinavimba zaidi. Ukipima kichwani utapata namba ndogo ya ajabu. Pima kwenye sketi, ile sehemu iliyo chini ya ringi, kama milimita 10 kutoka mwisho kama kitabu hakisemi vingine, ukikatisha pini. Zungusha kidogo kidogo utafute mahali panene kuliko pote. Hiyo ndiyo pistoni yako.

Nilijifunza kwa hela yangu. Kuna mwaka alinijia dereva wa Nanyamba katikati ya msimu, ana haraka, mimi nina pikipiki sita zimelala. Nikapima silinda vizuri, nikaona ni ya ishirini na tano. Nikampelekea fundi wa kukereza mjini silinda peke yake na karatasi imeandikwa 25. Akachonga 56.25, kama anavyochonga siku zote, kwa sababu pistoni tulizozoea zikiandikwa 25 huwa 56.21 hivi, inabaki nafasi ya senti 4. Ila lile boksi aliloleta dereva lilikuwa la kiwanda kingine. Sikuipima. Niliipaka oili, nikaisukuma kwa dole gumba, ikaingia taratibu, nikajisifu kabisa kuwa imebana vizuri.

Alipofika Nanguruwe na gunia mbili za korosho nyuma, mashine ikaanza kuwa nzito, halafu tairi la nyuma likakaza likachora mstari barabarani. Ashukuriwe Mungu hakuanguka. Ilipopoa ikawaka tena, akarudi nayo kwa mwendo wa kobe. Nilipofungua, sketi ya pistoni imechubuka mbele na nyuma, alumini imepakazwa kwenye ukuta wa silinda kama siagi. Nikatafuta pistoni mpya ya kiwanda kilekile, nikaipima: 56.24. Nafasi niliyompa ilikuwa senti moja. Nililipa pistoni ya hamsini, nikalipa kuchonga mara ya pili, na siku tatu za msimu alizokosa nikamfidia nusu kwa sababu zote sikuwa nazo.

Tangu siku hiyo silinda haitoki hapa bila pistoni yake. Vinafungwa kwenye kitambaa kimoja, na karatasi haina tena neno 25. Inasema: pistoni hii 56.21, nataka silinda 56.24. Senti 3. Mchongaji anaipima pistoni mwenyewe mbele ya mashine yake, tunakubaliana. Wapo wanaochukia kupangiwa. Mmoja aliniambia yeye anachonga kwa uzoefu. Nikachukua silinda yangu.

Silinda ikirudi naipima tena mara sita palepale. Senti moja juu na chini navumilia, yai silivumilii. Naangalia mistari ya jiwe kama inakatizana vizuri, maana humo ndimo oili inapokaa. Halafu kuosha, na hapa petroli haitoshi: unga wa jiwe unajificha kwenye ile mistari. Maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, mara tatu, mpaka kitambaa cheupe kikipita kitoke cheupe. Kisha oili papo hapo, kabla ya chumvi.

Ringi mpya nazo zipimwe ndani ya silinda mpya, moja moja, kabla hazijavishwa. Nikiona mwanya wa senti 15 hadi 30 naridhika. Ukikuta mwanya umekuwa karibu milimita nzima, usimlaumu mchongaji; umeuziwa ringi za standadi ndani ya boksi la ishirini na tano. Senti 25 za kipenyo mara 3.14 ni senti 78 za mwanya, na nimeyaona hayo zaidi ya mara moja. Mwanya ukiwa chini ya senti 10, sugua ncha moja kwa tupa laini, polepole, ukipima kila baada ya mapito machache.

Kufunga hakuna siri. Mshale wa kichwa cha pistoni ufuate kitabu, mianya ya ringi isikae kwenye mstari mmoja, klipu za pini ziwe mpya. Kilomita 500 za mwanzo asibebe gunia wala asivute gesi mpaka mwisho, na oili ibadilishwe mapema. Ataahidi. Utamwona kesho yake na abiria wawili.

Mwisho kabisa, kabla sijamrudishia, nachukua patasi ndogo na kugonga kwenye pezi la chini la silinda, upande usioonekana: 56.24 na mwaka. Siku akija mtu mwingine kuifungua, Masasi au Lindi au popote pikipiki itakapouzwa, aanzie hapo.